Neno Nililolibadilisha Mimi

Fundi wangu,

Naandika nyuma ya kaunta buku letu la utafiti, kurasa za mwisho, maana za mbele zimejaa namba zako na sitaki kuzigusa. Niko hapa hapa dukani, Iringo, Musoma. Mlango nimeufungua nusu. Ni mchana, bati linalia kwa jua, na watu wanaopita wanachungulia, wananiona nimekaa kwenye stuli yako, wanasema "pole dada" halafu wanaondoka haraka. Redio zao bado zimepangwa kwenye shelfu na vikaratasi vya majina. Sijatengeneza hata moja. Hii ni wiki ya nne.

Juzi nilijaribu. Mama mmoja alileta pasi, imekata waya wa ndani tu, kazi ambayo ulikuwaga unasema hata shemeji yako angeiweza, na wewe shemeji yako ulikuwa humwamini hata kushika tochi. Nikaifungua. Nikashika bisibisi, mkono ukaanza kutetemeka mpaka bisibisi ikawa inagonga meza. Nikamrudishia pasi yake ikiwa wazi, skrubu nimemtilia kwenye kikombe cha chai. Aliniangalia kama naumwa kichaa. Labda naumwa kweli.

Nina jambo sijamwambia mtu, Fundi. Sijamwambia mkeo Mama Mwajuma, ambaye yuko ndani anakaa eda na kila siku ananitumia chakula kwa mkono wa jirani. Lazima nimwambie. Nimefika mlangoni kwake mara tatu, mara tatu nimesalimia nikageuka. Nimeona nianze na wewe, maana wewe ndiye jambo lenyewe lililekuua wewe.

Ndiyo. Nimeandika. Haukuwa moyo, kama wanavyosema watu. Au ulikuwa moyo, lakini mimi ndiye niliyeusimamisha.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilikuja kufanya fildi ya miezi miwili kutoka chuoni, na sare yangu na barua yenye mhuri, najiona nimesoma. Uliisoma barua, ukaikunja, ukaniuliza kwetu wapi. Nikasema Mugango. Ukacheka. "Mjita! Basi utaninukishia duka samaki furu." Nikakujibu duka lenyewe linanuka waya ulioungua na kahawa ya juzi, furu wataliponya. Tukaelewana siku hiyo hiyo. Miezi miwili ikawa miaka tisa.

Wiki ile ile ya kwanza ulichomoa kibalbu cha rangi ya machungwa kutoka ndani ya testa mbovu, ukachukua kapasita moja ya TV ya chogo iliyokufa, na rizista moja. Vitu vitatu. Ukaviunga na umeme. Kibalbu kikaanza kudonoa: tak, kimya, tak, kimya. Hakuna swichi, hakuna mtu anayekiwasha. Mimi saketi ile nilikuwa nimeisomea, nimeichora kwenye mtihani nikapata alama zote, lakini sikuwahi kuiona inaishi. Nikakuuliza nani anakiambia sasa waka, sasa zima. Ukasema hakuna, kinajiambia.

Halafu ukanifundisha kwa kumsingizia mkeo. "Mama Mwajuma yuko hivi hivi. Nikimkosea, hasemi, anajaza. Nikimkosea tena, anajaza. Hiyo ndiyo kapasita. Rizista ni uvumilivu wake: ukiwa mkubwa anajaa polepole, ukiwa mdogo anajaa upesi. Siku akifika kipimo chake, balbu inafunguka, anamwaga yote kwa mara moja, Iringo nzima inasikia. Akishamaliza, mweupe, hana kinyongo, ananipikia chai. Na anaanza kujaza upya." Hukujua yuko mlangoni na sahani ya wali wako. Alikumwagia pale pale, na mimi nikaelewa somo kuliko chuo kizima.

Kutoka kwenye vitu vitatu vile tulitengeneza mangapi? Indiketa za pikipiki. King'ora cha duka la jirani, kilicholia kama mbuzi anayechinjwa, mpaka mwenyewe akakirudisha. Taa za kuwaka na kuzima juu ya maboya ya nyavu kule kwetu Mugango, ili mitumbwi ya injini isipite ikakata nyavu za watu. Baba yangu alizikataa mwezi mzima, eti zitafukuza sato, halafu akaja mwenyewe dukani kimya kimya kuomba ya kwake. Na kaunta buku hili. Kila siku saa nne asubuhi ulikuwa unakaa na saa yako ya mkononi unahesabu: rizista hii na kapasita hii, imedonoa mara ngapi kwa dakika, kukiwa na jua, kukiwa na baridi ya mvua, betri ikiwa imechoka. Ulisema watu wote wanajua saketi hii inadonoa, lakini inazeeka vipi hawajui, sisi tutajua. Uliuita utafiti. Mtu akicheka ulikuwa unamtazama tu mpaka anaaga.

Ndipo watu wa Bunda wakaja na habari za tembo. Mashamba yao yanapakana na hifadhi, mahindi yakikomaa tembo wanatangulia kuvuna. Ukaenda, ukaona, ukarudi, ukakaa siku mbili unachora. Siku ya tatu ukasema, "Nyangeta, ni kile kile kibalbu cha testa. Tunakikuza." Na kweli tulikikuza. Betri ya sola, transfoma ya kupandisha umeme, kapasita kubwa nne, na saketi yetu ya kuhesabu. Zinajaa, zinamwaga kwenye waya wa uzio, pigo moja fupi kila sekunde. Tembo akigusa anashtuka, anarudi nyuma, hana kidonda. Msimu mzima Mzee Magesa, wa shamba la kwanza, alikuwa anatupigia simu asubuhi kutusomea orodha ya tembo walioaibika.

Sheria yetu ilizaliwa hapo. Kapasita kubwa haijali kama umechomoa betri. Inakaa na ulichoipa, saa nzima, siku nzima, inamngoja mwenye kidole. Kwa hiyo kila boksi likifunguliwa, watu wawili: wewe mkono, mimi mdomo. Nachomoa betri. Nachukua ile balbu ya wati mia yenye nyaya mbili, nagusisha kwenye kapasita, balbu inamulika mara moja tu na kuzima. Umeme wote umeishia pale. Hapo ndipo natamka neno, na bila neno langu mkono wako hauingii. Uliniambia, "Mimi sitaangalia. Nitakusikiliza wewe." Macho yako yalikuwa yameshaanza ukungu. Hukupenda lisemwe, na mimi sikulisema.

Neno lenyewe lilikuwa "imemwaga." Lilikuwa lako, la siku zote. Unauliza, "Imemwaga?" Naitika, "Imemwaga!" Lakini Fundi, mimi nilikuwa msichana, na nje ya mlango pale kuna kijiwe cha bodaboda. Kila nikipaza sauti "Imemwaga!" wale vijana wanaangua kicheko, wanapigana mabega, mmoja anauliza nani tena huyo. Unajua walichokuwa wanacheka. Ulijifanya hujui, mtu mzima na heshima zako, lakini ulijua. Nilikuwa natokwa jasho kwa aibu. Nikaanza kunong'ona, ukanigombeza: neno la kazi halinong'onwi.

Basi nikakuletea kitabu cha chuo. Nikakuonyesha kwamba saketi yetu ina jina kubwa, Wazungu wanaiita osileta ya relaksesheni, na relaksesheni maana yake kupumzika. Kapasita inajaa, inamwaga, inapumzika. Nikasema, kisomi kabisa, kwa nini tusiseme "imepumzika"? Ulilitamka polepole mara mbili. Ukasema, "Lina adabu." Ukalichukua. Hata siku ile tulipoalikwa kuonyesha saketi zetu kwenye sekondari moja kule Butiama, ulisimama mbele ya wanafunzi ukawaambia jina hili la Kiswahili limetungwa na fundi mwenzangu, binti wa Mugango, huyu hapa. Nikasimama, nikapigiwa makofi. Ningejua, ningeziba masikio.

Sasa siku yenyewe. Ya upande wako unayo mwenyewe, nikuambie ya kwangu.

Ilikuwa asubuhi, shambani kwa Mzee Magesa. Boksi lake lilikuwa limekuwa zito: linadonoa, linakaa, unafikiri limekufa, linadonoa tena. Tulipofika lilikuwa kimya kabisa. Ulipiga magoti, ukafungua kifuniko, plaizi mkononi. Nikachomoa betri. Balbu yetu ya wati mia ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kwenye pikipiki, hatua kama kumi na tano. Nikageuka kulifuata. Sikusema kitu, maana sikuwa na cha kusema bado, na wewe ulikuwa unangoja neno, kama siku zote.

Mzee Magesa alikuwa ng'ambo ya uzio na ng'ombe wake, anataka kuwapeleka maji. Akaniita. "Binti! Mashine imepumzika? Niwapitishe?"

Mzee wa watu. Aliuliza kwa Kiswahili cha kila mtu. Mashine imezimwa? Imetulia? Nami nikamjibu kwa Kiswahili hicho hicho, kwa sauti kubwa kwa sababu ng'ombe walikuwa wanapiga kelele. "Imepumzika, mzee! Pitisha!"

Nikakusikia unasema, "Haya."

Halafu nikasikia plaizi inaanguka juu ya bati la kifuniko.

Umeelewa sasa? Labda hukumsikia Mzee Magesa akiuliza. Labda ulimsikia ukadhani kaishika lugha yetu. Ulichosikia wewe ni sauti yangu inatamka neno letu, na ulikuwa umeniahidi kwamba hutaangalia, utanisikiliza. Ukatimiza ahadi. Na zile kapasita zilikuwa zimejaa pomoni, Fundi. Ugonjwa wa boksi ulikuwa ndio huo: lilikuwa linajaza na haliwezi kumwaga. Nilikuja kulirudishia betri na kulipima baadaye, nikiwa peke yangu, na balbu ya wati mia ilipasuka.

Hakuna mkulima wa Bunda, wala Butiama, wala Musoma nzima, angeniita kutoka ng'ambo ya uzio aulize "Binti, mashine imemwaga?" Hayupo. Neno lako lilikuwa letu peke yetu, hakuna mtu mwingine angeligusa kwa bahati mbaya. Mimi nikalitupa, nikaweka neno la watu wote mahali pake, kwa sababu ya kicheko cha vijana sita wa bodaboda. Vijana sita! Wawili kati yao walibeba jeneza lako wakilia.

Nilikukandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Mzee Magesa akaleta pikapu ya jirani yake. Hospitali daktari akasema moyo, akauliza kama ulikuwa na presha, nikasema ndiyo. Hakuuliza jingine. Hakuna aliyeuliza jingine, kwa sababu Mzee Magesa alikuwa anamwambia kila mtu mashine ilikuwa imezimwa, na alisema hivyo kwa sababu mimi nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kufungua mdomo. Mdomo ndiyo kazi yangu, wewe mkono, mimi mdomo, na siku hiyo ukagoma.

Kuna la pili, na hili ndilo linanimaliza.

Mama Mwajuma alifika hospitalini kutoka Musoma na gari la kukodi. Hakulia. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akaniangalia, akauliza neno moja: "Alitamka?" Mimi ni Mkristo, lakini miaka tisa nimekula kwenu, nilijua anauliza nini. Alitaka kujua kama uliondoka na shahada mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa. Sikufikiri, Fundi, naapa. Kichwa kilishuka chenyewe. Akaniachia mashavu, akasema alhamdulillahi. Hapo ndipo akaanza kulia.

Sikukusikia ukitamka. Nilikusikia "haya," basi.

Na uongo ule haukukaa mahali pamoja. Wewe ulipelekwa makaburini baada ya adhuhuri, sisi wanawake tukabaki nyumbani, na kila aliyeingia kumpa pole mkeo alikuwa anaambiwa: "Alitamka. Nyangeta alimsikia kwa masikio yake." Wakawa wananishika mkono. Bibi mmoja aliubusu. Na kila mtu, Fundi, kila mtu aliyepita mlango ule, Mwislamu na Mkristo, mwenye duka na mvuvi, alikuwa anasema maneno yale yale. Mzee amepumzika. Ameshapumzika, tumshukuru Mungu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimeuma kanga. Nilitaka kupiga yowe nyamazeni, hamjui mnasema nini, hilo neno ni la kwangu, nimelileta mimi kutoka kwenye kitabu.

Sili. Bakuli linakuja kutoka kwa mkeo na mfuniko wake wa kitambaa, nalifungua, naliangalia, nampa jirani awape watoto wake. Naota mchana, macho wazi. Nimeenda kanisani kwetu Mugango nikakaa benchi la nyuma, nikatoka kabla ya sadaka maana mama alikuwa anageuka geuka kuniangalia. Na Mzee Magesa anapiga simu kila asubuhi. Tembo wamerudi. Wameingia kwake, wamemaliza nusu ya mahindi, wamehamia kwa jirani yake, mjane mwenye mihogo tu. Hanilaumu. Anasema, "Binti, najua una msiba, nakuuliza tu utakuja lini." Namwambia wiki hii. Nimemwambia wiki hii mara nne.

Siwezi kwenda. Siwezi kuingiza mkono kwenye boksi lile na siri hii. Nani atanitamkia? Na nitamwamini kwa neno gani?

Nikimwambia mkeo ukweli, namnyang'anya kitu pekee ulichomwachia. Nisipomwambia, namwacha auegemee uongo wangu mpaka kufa kwake, na mimi nimekaa pembeni nabusiwa mkono. Nisaidie basi! Ulikuwaga unajibu kila kitu, hata usichoulizwa. Mbona leo umenyamaza?

Naacha hapa. Adhuhuri imeadhiniwa zamani, atakuwa amemaliza kuswali. Naenda.

Nimerudi. Ni kesho yake, asubuhi. Jana sikuweza kuandika.

Nilimkuta chumba cha nyuma, kwenye mkeka, amevaa nyeupe, tasbihi mkononi. Amepungua, Fundi. Ungemwona ungegomba na nyumba nzima kwamba hawamlishi. Nilipiga magoti nikasema yote bila kumwamkia. Kijiwe, kitabu, neno, ng'ombe, Mzee Magesa, balbu ya wati mia iliyokuwa kwenye begi. Tasbihi ilikuwa inaenda tu, punje baada ya punje.

Nilipofika kwenye plaizi akasema, "Waliomwosha waliniambia kidole kimeungua. Nilijua ni umeme. Sikujua kama na mkono wa mtu umo." Halafu akasema, kwa hasira ambayo haikunielekea mimi, "Na yeye mkaidi. Nilimwambia akapime macho. Nilimwambia mara ngapi! Anakaa anasikiliza umeme kwa masikio, mtu mzima." Akafuta uso kwa upande wa kanga. "Umemaliza?"

Nikasema bado.

Nikamwambia la kichwa. Nikasema, "Mama, uliponiuliza kama alitamka. Sikumsikia."

Tasbihi ikasimama.

Sijawahi kuogopa hivyo. Si pale shambani, si popote. Nyumba ya pili mtu alikuwa anatwanga, nikawa nahesabu mchi. Uso wake ulibadilika mpaka nikaona sura ya mwanamke nisiyemjua. Nikasema moyoni, basi, nimemuua na huyu.

Akaniuliza, "Aliposema haya, mpaka plaizi kuanguka, ulisikia nini?"

"Ng'ombe, mama."

"Na alipoanguka, kabla hujamfikia?"

"Nilikuwa napiga kelele mimi. Nilikuwa naita jina lake."

"Ulimwona mdomo?"

"Sikumwona. Nilikuwa nimegeukia kule."

"Kwa hiyo hujui kama alitamka."

"Sijui."

"Na kama hakutamka, hilo nalo unalijua?"

Nikafikiri. Fundi, nilifikiri kweli, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nikasema, "Hapana, mama. Hilo nalo silijui."

"Basi usiniondolee usichokijua," akasema. "Ulinipa kitu si chako, ulikosa. Sasa unataka kukichukua, na kukichukua nako si haki yako. Kiache. Kipo kati yake na Mola wake. Wanawake wakikuuliza, sema sijui, nilikuwa mbali. Mimi mwenyewe nitawaambia hivyo hivyo. Watanisengenya kidogo, watachoka."

Nililia nikamwomba anisamehe. Hakukubali. Nataka ujue hilo kwa sababu wewe ungejidai kwamba alikubali. Alisema, "Sitakwambia nimekusamehe. Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakuita." Nikashika magoti yake, akaitoa mikono yangu taratibu, mmoja mmoja, akaiweka kwenye mapaja yangu mwenyewe. Akasema chakula ataendelea kutuma, na safari hii nile, maana jirani kamwambia bakuli linakwenda wapi. Nikawa nimesimama mlangoni ndipo akaniita tena kwa jina, nikageuka haraka, nikidhani labda. Akasema tu, "Tembo hawakai eda. Nenda Bunda."

Basi naenda, leo hii, nikimaliza kuandika. Sijapona. Nilitegemea nikisema nitakuwa mwepesi, na sikuwa. Usiku umepita nimekaa na yale maswali yake, na sasa nina jingine baya zaidi: wewe ulisema kitu, au hukusema kitu, na mtu pekee aliyekuwa karibu nawe alikuwa anaongea na mtu mwingine kuhusu ng'ombe. Hilo siwezi kulirekebisha na chombo chochote. Uliondoka duniani bila shahidi. Ninaomba msamaha kwa hilo kuliko hata kwa neno.

Lakini nimechora kitu kwenye ukurasa wako wa mwisho uliokuwa mtupu, samahani, nimeugusa. Rizista moja ya kudumu juu ya kapasita kubwa, na swichi ndogo chini ya kifuniko, ile ya mlango wa friji. Kifuniko kikifunguliwa, boksi linajimwaga lenyewe ndani ya sekunde tatu, bila kumngoja mtu. Nimekiunga kwenye boksi letu la mfano hapa dukani, nikalijaribu alfajiri hii mara ishirini, nikaandika matokeo kama ulivyokuwa unaandika. Mikono ilitetemeka mara zote ishirini. Nimeandika hilo pia. Nitaliweka kwa Mzee Magesa, kisha kwa yule mjane wa mihogo, kisha kwenye kila boksi tulilowahi kulifunga. Na neno letu nimelirudisha kwenye lile lako. Nitalipigia kelele mbele ya kijiwe chochote, wacheke mpaka wachoke.

Najua utasema swichi nayo inaweza kufa. Najua. Mtu bado atahitaji mtu.

Kwaheri, Fundi wangu, mzee wangu, uliyenifundisha. Naahidi jambo moja, sina kubwa zaidi. Mkono wa mtu ukiwa ndani ya boksi, nitakaa nimemtazama usoni mpaka autoe. Anayeniita, awe nani, awe na haraka gani, atangoja.

Nyangeta